Chembe nyeupe za damu zinaenda wapi kisha mbio ndefu?

Siku ya Yenga asubui, mbele ya jua kutoka, vikundi vya vijana vinapita katika barabara za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wakikimbia na kuimba. Nyuma yao wanapita watu wa chukudu wenye walitoka usiku na viazi ao makala, na mama wenye wanabeba muzigo mugongoni kwa kamba yenye inapita kwenye paji la uso. Wa kwanza wanasema wanafanya spoti, wengine wanasema wanatafuta chakula cha watoto. Lakini kwa upande wa mwili kazi ni moja: misuli inatumika masaa mingi, moyo unapiga mbio, pumzi inapanda.

Watu wote hao wanasikia maneno ya namna moja kwa majirani: "Usijichokeshe vile, utamaliza kinga ya mwili, kesho utagonjwa." Maneno hayo si ya mitaani tu. Kwa miaka mingi yalikuwa yanafundishwa hata na wataalamu wa michezo katika inchi za mbali. Na walikuwa na kitu cha kuonyesha: ukipima damu ya mutu saa moja ao mbili kisha mbio ndefu, unakuta sehemu moja ya chembe zenye kulinda mwili imepunguka sana.

Swali ni hili: chembe hizo zimekufa, ao zimekwenda fasi ingine? Jibu lake linagusa mambo ya kila siku, kuanzia namna ya kusoma karatasi ya laboratwari hadi namna ya kutunza mutu mwenye kazi yake ni kubeba mizigo.

Walinzi wenye hawakai fasi moja

Damu inaonekana nyekundu sababu ya chembe nyekundu, zenye zinabeba hewa ya oksijeni. Kati yake kuna chembe nyeupe, zenye watu wa laboratwari wanaita globili nyeupe na wanaziandika GB kwenye karatasi. Hizo ni chache. Kwa mutu mukubwa mwenye afya, katika milimetre kibu moja ya damu, yaani tone dogo kama kichwa cha pini, mara mingi zinapatikana kati ya 4.000 na 10.000.

Globili nyeupe ziko za aina mbalimbali, na kila aina ina kazi yake. Zenye kuwa mingi zaidi zinaitwa neutrofili. Hizo ndizo za kwanza kufika kwenye kidonda, zinameza mikrobe na kuziua. Watu wengi wenye asili ya Afrika wanazaliwa na neutrofili chache kidogo kuliko watu wa Ulaya, bila ugonjwa wowote. Aina ya pili ni limfositi. Ndani yake kuna chembe B, zenye zinatengeneza silaha za kupiga kila ugonjwa kwa jina lake. Kuna chembe T, zenye zinakumbuka adui na kuongoza vita. Na kuna chembe NK, maana yake wauaji wa asili, zenye zinazunguka na kuua chembe ya mwili yenye virusi viliingia ndani yake.

Kuna jambo moja lenye watu wengi hawalijui. Katika limfositi zote za mwili, zenye ziko ndani ya damu kwa wakati mumoja ni karibu 2 tu kwa 100. Zingine ziko kwenye bandama, kwenye matezi ya shingo na ya kwapa, ndani ya mifupa, kwenye matumbo na kwenye mapafu. Damu ni barabara yao, si nyumba yao. Mutu mwenye kusimama kwenye njia panda saa sita ya usiku na kuona pikipiki tatu tu hawezi kusema kama wamotari wa muji wote wamekufa. Wako fasi ingine.

Dakika za kwanza: damu inajaa

Wakati mutu anaanza kukimbia ao kupanda mulima na muzigo, moyo unasukuma damu kwa nguvu. Kuna chembe nyeupe mingi zenye kwa kawaida zinakaa zimeshikamana na kuta za mishipa ya damu, sawa watu wenye wameegemea ukuta kwenye kivuli. Mbio ya damu inazing'oa na kuzitupa katikati ya mukondo.

Wakati ule ule, mwili unatoa adrenalini. Ni ile dawa ya asili yenye inafanya moyo upige wakati umesikia kelele ya gafula usiku. Chembe NK na sehemu ya chembe T ziko na kama milango kwenye ngozi yao yenye inapokea adrenalini. Zikiipokea, zinaachia kuta za mishipa, zinatoka kwenye bandama na mapafu, zinaingia kwenye damu. Kwa dakika chache tu, chembe NK ndani ya damu zinaweza kuongezeka mara 5, hata mara 10 kama mutu anakaza sana. Mwili hauna muda wa kuzitengeneza mupya kwa mwendo huo. Ni zile zile zenye zilikuwa zimekaa, sasa zimetoka barabarani.

Jambo hilo limejulikana tangu zamani. Katika marathoni ya Boston, huko Marekani, mwaka wa 1901, muganga mwenye kuitwa Larrabee alipima damu ya wakimbiaji wane. Akakuta globili nyeupe zimepanda sana, kufikia hali yenye kufanana na ile ya mutu mwenye ugonjwa. Lakini watu hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wametoka kukimbia tu.

Marathoni ya leo ni kilometre 42 na mita 195. Makorobondo Salukombo, mwenye asili ya Kivu ya Kaskazini, aliikimbia kwa jina la Kongo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016. Kisha mbio kama hiyo, globili nyeupe za mutu muzima zinaweza kupita 15.000, na wakati fulani kufika 20.000, nusu ya siku bila kurudi chini.

Masaa yenye kufuata: damu inakuwa sawa imepunguka

Kama kazi inapita saa moja ao zaidi, dawa ingine ya asili inaingia, inaitwa kortizoli. Hiyo inafanya mambo mbili. Inafungulia neutrofili zenye zilikuwa zinangoja ndani ya uboho wa mifupa, na ndiyo maana neutrofili zinaendelea kupanda hata kisha mutu amekaa chini. Na inasukuma limfositi zitoke kwenye damu.

Hapo ndipo kuna mushangao. Saa moja ao mbili kisha kupumzika, limfositi zenye zilikuwa zimejaa zinashuka chini kuliko vile zilikuwa mbele ya mbio. Kisha mazoezi makali na ya muda murefu, kushuka kunaweza kuwa kati ya 30 na 60 kwa 100. Chembe NK ndizo zinashuka zaidi, zile zile zenye zilipanda kuliko zote. Kisha, ndani ya masaa 24, mara mingi hesabu inarudi sawa zamani.

Mutu mwenye kuona karatasi ya saa ile tu anaweza kuogopa. Na wataalamu waliogopa kweli.

Juu ya nini walisema mbio inafungulia ugonjwa mulango

Mwaka wa 1982, huko Cape Town, Afrika ya Kusini, watafiti wawili, Peters na Bateman, walifuata watu 150 wenye walikimbia mbio ya kilometre 56 yenye kuitwa Two Oceans. Kwa siku 14 zenye zilifuata, karibu 33 kwa 100 kati yao walisema wako na makamasi, kikohozi ao koo yenye kuuma. Kwa watu wenye waliishi nao lakini hawakukimbia, walikuwa karibu 15 kwa 100.

Kisha marathoni ya Los Angeles ya mwaka wa 1987, Mumarekani David Nieman na wenzake walipata majibu ya wakimbiaji 2.311. Katika juma moja kisha mbio, karibu 13 kwa 100 ya wenye walikimbia walisema waligonjwa. Kwa wakimbiaji wa namna ile ile wenye hawakushiriki, walikuwa karibu 2 tu kwa 100.

Watu wakaunganisha mambo mbili: limfositi zinashuka, na wakimbiaji wanasema wanagonjwa. Wakaita masaa hayo "dirisha lenye kuwa wazi", maana yake wakati wenye mikrobe inaweza kuingia bila kupata mulinzi. Fundisho hilo likaingia katika vitabu, kwa makocha, na mwishowe hadi kwenye mazungumzo ya mitaani.

Kufuata chembe zenyewe hadi fasi zinaenda

Lakini kuna swali lenye halikuwa limejibiwa: zile limfositi zilienda wapi? Mwaka wa 2008 watafiti wa Ujerumani walichukua chembe T za panya, wakaziwekea rangi yenye kuwaka ili waweze kuzitambua, kisha wakawakimbiza panya. Walipotafuta rangi ile, hawakukuta lundo la chembe zenye kufa. Walizikuta mingi kwenye mapafu, kwenye uboho wa mifupa na kwenye vituo vya ulinzi vya matumbo. Kwenye bandama zilikuwa zimepunguka.

Fasi hizo zinaeleweka. Mutu mwenye kukimbia anavuta hewa mingi zaidi, na pamoja na hewa anavuta vumbi na mikrobe. Mapafu na matumbo ndiyo milango mikubwa ya kuingilia ugonjwa. Wakati mwili unakazwa, unachukua walinzi wenye walikuwa wamekaa, unawapitisha barabarani, unawapeleka kwenye milango. Mutu mwenye anahesabu barabarani tu anaona wametoweka.

Ndiyo sababu mwaka wa 2018, John Campbell na James Turner, wa universite ya Bath huko Uingereza, walipitia tena utafiti wa miaka mingi na wakasema waziwazi: kushuka kwa limfositi ndani ya damu kisha mbio si alama ya kinga yenye kuvunjika. Wakaonyesha pia kama majibu ya zamani, ya Cape Town na ya Los Angeles, yalitoka kwa mudomo wa wakimbiaji wenyewe. Hakuna mutu mwenye alipimwa kuona kama kweli alikuwa na mikrobe.

Na hilo si jambo dogo. Katika utafiti wenye ulitoka mwaka wa 2007 huko Australia, kila mara mutu wa michezo alilalamika koo ao makamasi, alichukuliwa kipimo. Mara 37 watu waligonjwa, lakini mikrobe ilipatikana mara 11 tu. Kwa zingine, koo ilikuwa inauma bila mikrobe kuonekana. Hewa kavu, moshi, vumbi, vyote vinaweza kukwangua koo ya mutu mwenye kupumua kwa mudomo kwa masaa. Mukaaji wa Goma mwenye anakimbia kwenye vumbi ya mawe ya volkano anajua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Wataalamu wote hawajakubaliana. Mwaka wa 2020 makundi mbili yaliandika pamoja habari moja, kila upande ukitetea maoni yake. Upande mumoja ulisema mazoezi makali sana, yenye kurudiwa siku kwa siku, yanaweza kupunguza kinga. Upande wa pili ukasema kosa si la mazoezi. Lakini kuna kitu chenye pande zote mbili zilikubali: kama mutu wa mazoezi anagonjwa, kwanza lazima kutazama usingizi wake, chakula chake, mahangaiko yake, na watu wenye alikaa nao karibu.

Wenye kuvunja kinga kweli: njaa, usingizi, mahangaiko

Mufano wenye kuonyesha vizuri unatoka kwa askari wa Marekani wenye kuitwa Rangers. Mafunzo yao yanachukua karibu majuma 8: kutembea na muzigo muzito, kulala masaa machache, kula kidogo. Mwaka wa 1991 waganga wa jeshi waliwapima. Askari walipoteza karibu 15 kwa 100 ya uzito wao, na chembe T zao, zikiwekwa mbele ya adui katika laboratwari, zilikuwa zenye kulegea. Hapa hatuzungumzie hesabu tena. Chembe zilikuwa pale, lakini nguvu ya kufanya kazi ilipunguka.

Mwaka wenye ulifuata, kundi lingine lilipita katika mafunzo yale yale, lakini likaongezewa chakula. Kutembea kulikuwa kule kule, mizigo ile ile. Lakini walipunguka uzito kidogo kuliko wenzao, chembe T zilichunga nguvu zaidi, na wagonjwa walikuwa wachache. Chenye kilibadilika ni sahani.

Kwa upande wa usingizi, mwaka wa 2015 huko Marekani kulitoka utafiti juu ya watu 164 wenye afya. Kwanza walipimwa masaa yenye wanalala. Kisha, kwa ruhusa yao, wakatiwa virusi vya mafua ndani ya pua. Wenye walikuwa wanalala chini ya masaa 6 kwa usiku walishikwa na mafua mara 4 zaidi kuliko wenye walilala zaidi ya masaa 7.

Mambo haya yana maana kubwa katika majimbo ya mashariki. Mama mwenye kubeba kilo mingi tangu asubui hadi jioni, na anakula mara moja kwa siku, hawezi kulinganishwa na kijana mwenye anakimbia saa moja na kurudi kula vizuri nyumbani. Mutu mwenye alikimbia vita, akatembea siku tatu na watoto, akalala kwenye darasa la masomo pamoja na familia zingine kumi, anakutana na vyote kwa mara moja: njaa, kukosa usingizi, woga, na musongamano wenye unapitisha ugonjwa kwa haraka. Akigonjwa, watu wanasema "ni miguu ndiyo ilimuchosha." Miguu peke yake haikufanya hivyo. Kumwambia tu apumzike ni kumusaidia nusu. Sahani ya chakula, maji safi na fasi ya kulala ni sehemu ya dawa.

Mazoezi ya kadiri yanasaidia

Hakuna mutaalamu mwenye anasema watu waache kukimbia. Kinyume chake. Nieman, yule wa Los Angeles, alifuata baadaye watu wakubwa 1.002 kwa majuma 12 ya kipindi cha mafua. Katika ripoti ya mwaka wa 2011, wenye walifanya mazoezi ya kupandisha pumzi siku 5 ao zaidi kwa juma walikuwa na siku za mafua na kikohozi 43 kwa 100 chini kuliko wenye walikuwa wanakaa tu.

Wataalamu wanawaza kama kila mara mutu anatembea kwa haraka ao anakimbia polepole, anatoa walinzi wake nje, wanazunguka mwili, wanaangalia, wanarudi. Wakifanya hivyo karibu kila siku, adui anaonekana mapema. Mutu hahitaji marathoni kwa hilo. Kutembea kwa haraka dakika 30 hadi 45, pumzi ikipanda lakini bado unaweza kuzungumza na mwenzako, kunatosha.

Karatasi ya laboratwari inaweza kudanganya

Tuseme kijana anapanda kwa miguu kutoka kijiji hadi kituo cha afya, masaa mbili ya mulima, juu ya tumbo yenye kumusumbua. Anafika na jasho, wanamuchukua damu palepale. Karatasi inaonyesha globili nyeupe 12.000, neutrofili juu. Inawezekana iko na maambukizo. Inawezekana pia ni mulima. Kama mutu wa laboratwari hakuuliza na mugonjwa hakusema, kijana anaweza kurudi na antibiotiki zenye hakuhitaji, na familia ikapoteza franka zenye zingenunua unga. Na kila antibiotiki yenye kunywewa bure inasaidia mikrobe kuzoea dawa.

Kinyume chake kinawezekana. Mutu mwenye alimaliza kazi ngumu saa moja ao mbili mbele ya kipimo anaweza kukutwa na limfositi chini. Mwingine anaanza kuwaza magonjwa makubwa, kumbe chembe zake ziko kwenye mapafu na matumbo zinafanya kazi.

Kwa hiyo, kama kipimo si cha haraka, ni vizuri kuepuka kazi nzito na mbio ndefu siku yenye inatangulia, na kukaa chini muda fulani mbele ya kutolewa damu. Kama hilo haliwezekane, mugonjwa aseme: "Nimetembea masaa mbili", ao "Natoka kubeba mizigo." Sentensi hiyo moja inamusaidia muganga kusoma karatasi vizuri, kulinganisha na alama zingine, na kurudilia kipimo kama ni lazima.

Homa haiko uchovu

Kuna kosa lingine lenye ni hatari zaidi. Watu wengi wakisikia mwili moto na viungo vyenye kuuma kisha kazi, wanasema ni uchovu, wanangoja. Wengine wanasema uchovu ndio unaleta malaria. Malaria inaletwa na mbu. Uchovu hauileti, na mara mingi malaria haipandishe globili nyeupe, kwa hiyo karatasi yenye GB ya kawaida haitoshi kusema kama mutu hana malaria. Kipimo chake ni TDR ao kutazama damu kwa mikroskopi. Mwenye homa asingoje siku tatu kuona kama uchovu utaisha. Majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri yalipita katika Ebola tangu 2018 hadi 2020, na wakaaji wanajua kuchelewa kunaleta nini.

Kukimbia ao kucheza mupira na homa ni hatari pia. Virusi fulani vinaweza kuingia kwenye musuli wa moyo, na kuukaza wakati huo kunaweza kuua hata kijana mwenye nguvu. Makocha wengi wanatumia kanuni ya shingo. Kama shida iko juu ya shingo tu, makamasi kidogo bila homa, mutu anaweza kufanya mazoezi mepesi. Kama iko chini ya shingo, yaani kifua, tumbo, homa, viungo vyenye kuuma, anapumzika hadi apone. Na mwenye alikuwa na malaria asirudi upesi kwenye michezo ya kugongana. Malaria inavimbisha bandama, na bandama yenye kuvimba inaweza kupasuka ikipigwa, hata kama jambo hilo halitokee mara mingi.

Mambo ya kushika

Kwa wenye kukimbia na wenye kubeba, mambo yenye utafiti unaonyesha ni ya kawaida, na mengi hayaombe dawa.

Kula mbele na wakati wa kazi ndefu. Utafiti mbalimbali ulionyesha kama mutu akipata sukari ao vyakula vya wanga wakati wa mazoezi yenye kupita saa moja na nusu, kortizoli haipandi sana na chembe nyeupe hazitikisike sana. Wataalamu wanaomba gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi moja kubwa yenye kuiva inatoa karibu 25 hadi 30. Uji wenye sukari, miwa, viazi vitamu, vyote vinafanya kazi hiyo.

Kunywa maji safi, na kila mutu na chupa yake. Timu yenye inakunywa kwa kikombe kimoja inagawana pia mafua.

Kulala. Mutu akijua kesho kuna mbio ao safari, usiku wa leo ni sehemu ya matayarisho.

Kuongeza polepole. Mwenye alizoea kilometre 5 asiruke siku moja hadi 20.

Kunawa mikono na kutokaa karibu na wenye kukohoa kisha mbio, hasa wakati watu wamejaa kwenye motokari moja ya kurudi.

Kwa viongozi wa timu, masomo, mashirika na wenye kuajiri wabeba mizigo, jambo la kwanza ni kuuliza: watu hawa wamekula? Wanalala masaa ngapi? Mwenye kutoa muzigo ubebwe toka soko hadi nyumbani anaweza kuongeza sahani ya maharagi juu ya bei, na hakosi faida, sababu mutu mwenye alikula anarudi kesho akiwa muzima.

Chembe nyeupe hazitoweki mutu akikimbia. Zinatoka, zinapita barabarani, zinaenda kulinda milango, na kesho yake zinarudi. Chenye zinaomba kwa mwenye nazo ni chakula, maji na usingizi.